Mpeni Kinda Dakika

Msikilizaji, tuanzie Babati, mkoani Manyara, tarehe 6 Februari 2025. Fountain Gate wanaikaribisha Simba kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Simba wanaongoza kwa bao moja na pointi tatu zinanukia. Ladack Chasambi, winga wa miaka 20, anaurudisha mpira kwa kipa wake, pasi inampita kipa, inaingia wavuni. Amejifunga. Matokeo yanakuwa 1-1 na mechi inaishia hapo.

Usiku ule na siku zilizofuata, kijana yule alirushiwa maneno ya kila aina, mengine hayafai kurudiwa hewani. Mimi ni Mwanasimba wa tangu utotoni, na pointi zikidondoka inaniuma kama inavyomuuma Mwanasimba yeyote. Lakini leo nataka tuzungumze kwa utulivu kuhusu hawa makinda wanaoingia soka la kulipwa, maana naona tunawapoteza wengi, na tunawapoteza kwa mikono yetu wenyewe tunaodai kuwapenda.

Fikiria kazi ya winga. Winga analipwa ili amkabili beki, ajaribu kumpita, apoteze mpira mara nne, na mara ya tano apite na kupiga krosi inayozaa bao. Kupoteza mpira ni sehemu ya kazi yake. Sasa mchukue kijana wa miaka 20, mzomee kila anapopoteza, mtukane kwenye simu yake akiwa chumbani na wenzake. Mechi inayofuata atafanya nini? Hatajaribu tena. Atapokea mpira, atageuka, atampasia beki wa nyuma yake, na wewe jukwaani utaguna kwamba kijana hana kitu. Woga ule tumempa sisi. Hofu ndiyo inayozaa pasi za kurudi nyuma.

Hoja yangu ni moja, na nitaizunguka mpaka muda uishe: kijana anakuzwa na dakika za kucheza. Jezi ya klabu kubwa haimkuzi. Picha ya utambulisho haimkuzi. Sifa za wachambuzi, nami nikiwamo humu kila wiki, hazimkuzi. Mechi baada ya mechi, kwenye uwanja mzuri na uwanja mbovu, kwenye jua la saa nane na chini ya taa, ndiko anakotokea mchezaji.

Mtazame Mbwana Samatta. Jina lake tunalitaja kila tunapozungumzia vijana, lakini safari yake tunaisimulia haraka mno, kana kwamba alilala Mbagala akaamka England. Haikuwa hivyo. Alicheza Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, kisha akaja Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe wakamwona kijana huyu akiwasumbua mabeki wao, wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Akaenda Lubumbashi na akakaa huko karibu miaka mitano. Nasema mitano, kwa sababu hapo ndipo tunaporuka tunaposimulia. Mwaka 2015 Mazembe wakatwaa ubingwa wa Afrika na Samatta akawa mfungaji bora wa mashindano yale. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akatua Genk, Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 Genk wakawa mabingwa, yeye akiwa na mabao 23 ya ligi. Ndipo Aston Villa wakaja, Januari 2020. Tarehe 1 Machi mwaka ule tukamwona Wembley akiifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Villa walilala 2-1, lakini bao lile hakuna Mtanzania aliyelisahau.

Kutoka Simba hadi Wembley ni miaka tisa. Na kila kituo alichopita alikuwa anacheza. Hakuruka hatua hata moja.

Kuna jambo jingine kuhusu Lubumbashi ambalo nadhani hatulipi uzito. Ule ni mji wa Kiswahili. Kijana wa Mbagala akienda sokoni anaelewana na watu, akiumwa anaweza kumweleza daktari, akichekwa anajua amechekwa kwa lipi. Na pale alikuwapo Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwenzake, wakala pamoja, wakafanya mazoezi pamoja. Mtoto wa miaka 18 akiwa mbali na mama yake anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuliko anavyohitaji gari. Vijana wetu wengi waliokwenda mbali zaidi wakarudi baada ya miezi michache, miguu yao ilikuwa mizima kabisa. Kilichowashinda ni baridi, upweke na lugha. Mzazi unayenisikiliza, mwanao akipata timu nje, uliza mshahara, sawa, lakini uliza pia atakaa na nani.

Novatus Dismas ni mfano wa pili, na huyu naona hapewi heshima anayostahili. Alilelewa kwenye akademi ya Azam, Chamazi. Azam walipoona nafasi ni finyu hawakumwacha asugue benchi, walimpeleka kwa mkopo Biashara United ya Mara. Hebu fikiria, kutoka viwanja vya nyasi vya Chamazi hadi Musoma, kukimbizana na maveterani wa ligi wanaocheza kwa viwiko. Wapo walioona ule ni mwisho wa kijana. Kumbe ndio ulikuwa mwanzo. Akatoka akaenda Israel, akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwaka 2023 alikuwa na Shakhtar Donetsk kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, anakutana na Barcelona. Baadaye akahamia Göztepe ya Uturuki. Mkopo wa Musoma ulimpa dakika, na dakika zikampa maisha.

Sasa njoo Kariakoo. Kila kijana wa nchi hii anayejua kupiga mpira anaota Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga, na simlaumu. Huko ndiko kwenye fedha, kwenye televisheni, kwenye mechi za Afrika. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, Yanga ilifika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2023. Hizo ni klabu kubwa kweli. Lakini kanuni za ligi yetu zinaruhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni, na klabu hizi hazisajili mgeni ili akae. Piga hesabu mwenyewe: wanaoanza ni 11. Ongeza wazawa wazoefu wa Taifa Stars. Kinda wa miaka 18 aliyetoka timu ya mkoa anaingilia wapi?

Siwapingi wageni, na naomba nisieleweke vibaya. Clatous Chama aliwafundisha viungo wetu namna ya kutulia na mpira. Stephane Aziz Ki aliinua kiwango cha ligi nzima. Kijana anayefanya mazoezi na watu wale anajifunza. Ninachosema ni kwamba mazoezi hayatoshi. Kijana anasajiliwa dirisha kubwa, anapigwa picha na jezi, mtaa mzima unasherehekea, halafu unamwona kwenye kamera akiwa amevaa bibu pembeni hadi dirisha dogo. Mwaka wa pili hivyohivyo. Wa tatu anatolewa kwa mkopo akiwa na miaka 21, na hajacheza hata dakika 500 za ligi. Miaka mitatu ya kukua imekwenda.

Serengeti Boys wa mwaka 2017 wanatusaidia kulielewa hili. Mnawakumbuka? Walikwenda Gabon kwenye AFCON ya vijana chini ya miaka 17 wakiwa na kocha Bakari Shime. Wakatoka suluhu na Mali, ambao ndio waliokuja kutwaa kombe. Wakaifunga Angola 2-1. Mechi ya mwisho walihitaji sare tu dhidi ya Niger ili wafike nusu fainali na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la vijana, India. Wakafungwa 1-0. Nchi nzima iliugua siku ile.

Kwenye kikosi kile alikuwapo beki wa kati Dickson Job. Yeye hakukimbilia Kariakoo. Alicheza Mtibwa Sugar, kule Manungu, Turiani, akicheza ligi msimu baada ya msimu, mpaka Januari 2021 ndipo Yanga walipomchukua. Kibwana Shomari alipita njia hiyohiyo ya Mtibwa na kutua Yanga mwaka 2020. Walipofika walikuwa wachezaji kamili. Walipewa namba wakazishika, wakabeba makombe, na Job akawa mhimili wa Taifa Stars. Mtibwa, bingwa wa 1999 na 2000, imebaki kuwa jina la historia kwa watoto wa leo, lakini kwa malezi ya vijana nchi hii inadaiwa nayo shukrani kubwa. Kipa wa kikosi kilekile cha Gabon, Ramadhani Kabwili, alikwenda Yanga mapema na kukaa nyuma ya makipa wakubwa kwa miaka. Kipaji alikuwa nacho, sote tulikiona Gabon. Golini husimama mtu mmoja tu, na kipa kijana asiyesimama golini hawezi kukua.

Atanijibu mtu: mbona Clement Mzize kakulia Yanga? Ni kweli, na nalifurahia hilo hata kama nimezaliwa upande wa pili. Lakini angalia kilichofanyika. Alipandishwa kutoka kikosi cha vijana na kocha Nasreddine Nabi mwaka 2022, akawa anaingia, dakika 15 leo, dakika 20 kesho. Alikosa mabao ya wazi, watu wakaguna, makocha wakaendelea kumwingiza. Nabi akaondoka, akaja Miguel Gamondi, naye akaendelea kumwingiza. Msimu wa 2024/25 kijana akamaliza na mabao 14 ya ligi. Agosti 2025, kwenye CHAN tuliyoiandaa na Kenya na Uganda, akafunga mabao yote mawili tulipoishinda Madagascar 2-1. Kwa hiyo Mzize hapingani na hoja yangu, anaithibitisha. Klabu kubwa ikiwa na makocha wenye moyo wa kumpanga kijana licha ya miguno ya jukwaani, kijana atakua hata Jangwani.

Tupumue kidogo, kisha tuzungumzie majina tunayowabandika watoto.

Aprili 2019 tuliandaa AFCON ya chini ya miaka 17 hapa Dar es Salaam. Serengeti Boys ya safari hiyo ilikuwa na fowadi aitwaye Kelvin John, mtoto wa Morogoro, na kabla hata mashindano hayajaanza tulikwisha kumwita Mbappe. Kylian Mbappé alikuwa ametoka kutwaa Kombe la Dunia mwaka uliotangulia. Tukamvisha mtoto wa miaka 15 jina la mtu yule, tukamsukuma uwanjani mbele ya nchi nzima. Mechi ya kwanza tukafungwa na Nigeria 5-4, mechi ambayo hadi leo nasema ni moja ya mechi nzuri kuwahi kuchezwa kwenye uwanja wetu mkubwa. Kisha Uganda wakatufunga 3-0 na Angola 4-2. Tukatoka bila pointi nyumbani kwetu.

Kelvin hakufa kisoka kwa sababu ya hayo. Alikwenda kusoma na kucheza kwenye akademi ya shule moja Leicester, Uingereza. Kanuni za FIFA haziruhusu, isipokuwa kwa sababu maalumu, mchezaji kuhamishwa nchi hadi nchi kabla ya kutimiza miaka 18, na Kelvin alipotimiza miaka hiyo, Juni 2021, Genk wakamsajili. Akacheza zaidi na kikosi chao cha vijana. Mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Huyu ni mchezaji wa kulipwa aliyejenga maisha yake Ulaya kwa miguu yake tangu akiwa na miaka 18. Lakini kila nikifungua simu za wasikilizaji kuna anayeuliza, Mbappe wetu kaishia wapi? Swali hilo linamdhulumu. Tulimpima kwa kipimo ambacho hata nchi tajiri zinapata mtu wake mmoja kwa kizazi. Mtoto ana jina alilopewa na wazazi wake. Mwiteni hilo.

Na umri. Hili nitalisema kwa uchungu kwa sababu najua limejaa kwenye mashindano yetu ya shule, kwenye ndondo, na limefika hadi kwenye timu za taifa za bara letu. Tangu 2009 FIFA inatumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Wanaangalia mfupa. Mfupa wa mtu mzima umekwisha kuungana kikamilifu, na hakuna cheti kinachoweza kuutenganisha. Sisi wenyewe tulinufaika na ukweli huo: ile nafasi ya kwenda Gabon tuliipata baada ya Congo Brazzaville, waliotutoa uwanjani, kuenguliwa kwa sababu mchezaji wao waliyetakiwa kumpeleka kwenye kipimo hakufika.

Watu wanadhani kupunguza umri ni kumsaidia kijana. Tazama kinachotokea. Kijana wa miaka 20 anaandikwa 17. Anawazidi watoto mbio, anafunga, anasifiwa, kwa sababu ana mwili wa mtu mzima. Hajifunzi kusoma mchezo kwa kuwa hajalazimika. Miaka mitatu baadaye karatasi inasema ana 20 na kila mtu anasubiri akue. Hakui, kwa sababu alikwisha kukua. Anaonekana ameporomoka, anaachwa. Na kuna mwingine hatumtaji kamwe: mtoto wa miaka 16 wa kweli aliyeachwa nje ya kikosi kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa na mtu mzima. Yeye alirudi nyumbani akaamini hana kipaji. Mwalimu wa michezo unayepeleka timu UMITASHUMTA na UMISSETA, yule mtoto ni wa kwako. Usimfanyie hivyo.

Nimezungumza muda mrefu kuhusu wavulana, na kwa kweli kama tunataka mfano wa kujivunia tuwatazame mabinti. Ile India tuliyoikosa kwa bao moja la Niger mwaka 2017, Serengeti Girls waliifikia mwaka 2022, na kocha akiwa Bakari Shime yuleyule. Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Japani wakatufunga 4-0 mechi ya kwanza, na nakumbuka watu wakianza kusema tumekwenda kutembea. Mechi ya pili mabinti wakaifunga Ufaransa 2-1. Ufaransa! Wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia. Hakuna timu yetu ya soka la wachezaji 11, ya wanaume wala ya wanawake, ya wakubwa wala ya wadogo, iliyokuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA kabla yao.

Na njia imefunguka. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na miaka miwili baadaye akasajiliwa na Brighton ya England. Clara Luvanga alipita Hispania kabla ya kutua Al Nassr ya Saudi Arabia. Hawa ni mabinti walioanza soka la kulipwa nje wakiwa na miaka 18 au 19. Baba unayemkataza binti yako asicheze kwa sababu mpira hauna maisha, majina hayo mawili yanakujibu.

Kuhusu shule nitasema kidogo tu, maana halihitaji mengi. Michael Olunga wa Kenya alisomea uhandisi pale Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, Nairobi, huku akicheza Thika United na Gor Mahia. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, mabao 28, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Masomo hayakumpunguzia kasi.

Lakini shule ina faida moja ya haraka, nayo ni kusoma mkataba.

Kisa cha Feisal Salum kila mtu anakijua kwa ushabiki wake. Naomba tukitazame kwa macho ya kijana anayeanza. Fei alitoka JKU ya Zanzibar, akajiunga na Yanga mwaka 2018 akiwa mdogo, akawa kiungo bora nchini. Desemba 2022 akaondoka akiamini amekwisha kuuvunja mkataba wake kwa kulipa. Kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje nusu msimu. Rais Samia mwenyewe akawaomba Yanga walimalize jambo lile, na Juni 2023 akahamia Azam. Katika miezi ile aliyokaa nje, Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Fei hakuwapo. Msimu uliofuata akiwa Azam alifunga mabao 19 ya ligi. Sina nia ya kuamua nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni nusu mwaka wa mchezaji mwenye kiwango cha juu kabisa uliopotea kwa sababu ya karatasi, na fainali ya Afrika ambayo mchezaji anaweza kuicheza mara moja tu maishani.

Kwa hiyo, kijana, ukiletewa mkataba, usisaini ndani ya gari wala hotelini usiku. Omba siku mbili. Mpelekee mtu anayejua sheria asome kipengele cha muda, cha mshahara, cha matibabu ukiumia, na cha namna ya kuondoka. Kama hujatimiza miaka 18, FIFA haitambui mkataba wako wa zaidi ya miaka mitatu. Wakala anayekujia lazima awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yako wazi kwenye mtandao wa FIFA. Kwa mtoto, wakala anatakiwa kupata idhini ya mzazi kwa maandishi. Mtu anayekwambia usimweleze baba yako, huyo si wakala.

Na hapa nifikie jambo ambalo naona wengi hawalijui, na ndilo linaloweza kuibadilisha nchi. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya fedha zile hugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa kuanzia miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia, na msimu mmoja wa kuanzia 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Tuseme kijana ameuzwa kwa euro milioni moja, ambayo kwa Ulaya si fedha kubwa. Timu ya mtaa iliyomlea misimu minne, akiwa na miaka 12 hadi 15, inastahili euro 10,000. Ni zaidi ya Shilingi milioni 25. Hesabu mipira. Hesabu viatu. Na akiuzwa tena, timu ile inastahili tena.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayofuatilia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo inajazwa kutokana na usajili uliofanywa kwenye shirikisho la nchi. Inasoma kilichoandikwa tu. Kama mtoto alicheza kwako miaka minne na hukumsajili, kwa mujibu wa pasipoti ile hakuwahi kuwa kwako, na fedha zitakwenda kwingine.

Mwaka 2027 AFCON inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Watakaokuwa na miaka 19 mwaka ule wako kwenye viwanja vya vumbi sasa hivi, wanafundishwa na makocha wasiolipwa. Kocha wa Tandika, wa Nyakato, wa Majengo, wa Mwanakwerekwe: nenda kwenye chama chako cha soka cha wilaya wiki hii, sajili timu yako, sajili kila mtoto kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na nakala ya fomu ile uitunze nyumbani kwako.